Maswali ya Wasomaji: Makao Pwani, Kazi Jijini

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wazazi wa watoto wadogo ambao kazi zao ziko katika jiji kubwa, lakini wanatamani kuhamia mji mdogo wa pwani na kusafiri kwenda kazini kila siku. Tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyahifadhi, na pale barua ilipokuwa ndefu tumeifupisha bila kugusa hoja yake.

Dakika thelathini ni nyingi au ni chache?

*Ndugu Mshauri, mimi na mume wangu tunafanya kazi jijini na tuna watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Baada ya kuzunguka sana tumebakiza miji miwili ya pwani. Wa kwanza ni wa kawaida tu na ufuo wake ni wa kokoto, lakini treni inakwenda jijini moja kwa moja kwa dakika 50. Wa pili una ghuba nzuri na mchanga mweupe, na kwa fedha zile zile tunapata nyumba yenye chumba kimoja zaidi; ila safari ni dakika 80 na lazima kubadilisha treni njiani. Mume wangu anasema dakika thelathini si kitu. Je, ni kweli? – Mama wa Wawili*

Mama wa Wawili, tuanze na hesabu, halafu tuzungumzie ghuba. Dakika 30 zikiongezwa asubuhi na jioni huwa saa nzima kwa siku, saa 5 kwa wiki, na kwa mtu anayefanya kazi wiki 46 kwa mwaka huwa saa 230, yaani karibu siku kumi kamili, mchana na usiku, akiwa ameketi ndani ya treni. Na kwa kuwa mnasafiri wote wawili, ziandikeni mara mbili. Hata hivyo hesabu ya mwaka haioneshi mahali panapouma. Chukulia mzazi anayetoka kazini saa 11 jioni, akatembea dakika 10 hadi stesheni, akangoja dakika 5, akasafiri dakika 50, kisha akatembea dakika 10 nyingine hadi nyumbani: anafika saa 12 na robo. Kwa safari ya dakika 80 anafika saa 1 kasorobo. Mtoto wenu mdogo, kama watoto wengi wa umri wake, pengine hulazwa kati ya saa 1 na saa 1 na nusu. Katika mji wa kwanza atakula na mzazi wake na kuogeshwa naye. Katika mji wa pili mzazi atamkuta amekwisha kuvaa nguo za kulalia na anafikicha macho. Hiyo ndiyo nusu saa anayosema mume wako kwamba si kitu.

Mwanafizikia wa Italia Cesare Marchetti, akijenga juu ya utafiti wa Yacov Zahavi, aliandika mwaka 1994 kwamba watu wa nyakati na nchi mbalimbali huelekea kutumia takriban saa moja kwa siku katika safari zao, kwenda na kurudi kwa jumla; chombo cha usafiri kikiongezewa kasi, hawaokoi muda bali huhamia mbali zaidi. Hiyo si sheria, na mji wenu wa kwanza tayari umeivuka, lakini inaonesha kwamba mnachokusudia kufanya kiko nje ya kile ambacho watu wengi wamekuwa wakikivumilia. Wachumi Bruno Frey na Alois Stutzer nao walichambua takwimu za kaya za Ujerumani wakitarajia kwamba anayesafiri muda mrefu atakuwa amefidiwa kwa mshahara mnono au nyumba bora, hivyo ataridhika na maisha sawa na mwenzake anayeishi karibu na kazi. Walikuta kinyume chake: kadiri safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo kuridhika kulivyopungua. Kwa maoni yangu jambo hili halishangazi, kwa kuwa chumba cha ziada hukizoea katika miezi michache, lakini treni iliyochelewa humkera mtu mwaka wa kumi kama ilivyomkera siku ya kwanza.

Kubadilisha treni kunanitia shaka kuliko hata hizo dakika. Safari ya moja kwa moja ikichelewa dakika 5, umechelewa dakika 5. Safari ya kuunganisha ikichelewa dakika 5, unaikosa treni ya pili, na kama njia hiyo ya pembeni ina treni moja kwa saa, umechelewa saa nzima, huku mlezi wa kituo cha kulelea watoto akiwa mlangoni na funguo mkononi. Ratiba iliyobandikwa ukutani hueleza siku njema. Familia yenye watoto wadogo, kwa bahati mbaya, huhukumiwa na siku mbaya, na ndiyo maana nawashauri mpime mji wowote kwa siku yake mbaya kwanza.

Siku mbaya hizo si za kubuni. Tarehe 11 Machi 2011, baada ya tetemeko kubwa la ardhi kaskazini mashariki mwa Japani, treni za eneo la Tokyo zilisimama na mamilioni ya watu hawakuweza kurudi makwao jioni ile. Wengi walitembea usiku kucha au kulala maofisini. Februari 2014 huko Dawlish, kusini magharibi mwa Uingereza, dhoruba iliubomoa ukuta wa bahari uliobeba reli, na njia hiyo haikufunguliwa tena hadi Aprili. Reli nyingi za pwani zimepita pale pale ambapo mawimbi hupiga, kwa sababu mwambao ulikuwa tambarare na rahisi kujengwa, na mandhari yake ndiyo inayowavutia abiria. Kwa hiyo ulizeni swali ambalo mtangazaji wa nyumba hatalijibu kwa hiari: reli ikifungwa, ipo barabara? Barabara ikijaa maji, ipo nyingine? Na kwa kuwa wote wawili mnakuwa jijini kwa wakati mmoja, ni mtu gani, mwenye jina na namba ya simu, anayeishi mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni na aliyekubali kuwachukua watoto siku ambayo ninyi hamwezi kufika?

Miji ya pwani inayowafaa wasafiri wa kila siku ipo, na ukiitazama utaona inafanana. Cascais imeunganishwa na Lisbon kwa reli ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1889, na safari huchukua kiasi cha dakika 40. Brighton ilifikiwa na reli ya kutoka London mwaka 1841, na leo treni za haraka huchukua takriban saa moja. Kamakura iko kiasi cha saa moja kutoka Tokyo. Yote mitatu ina ufuo, lakini kilichoifanya ikaliwe na wafanyakazi wa majiji hayo ni treni ya moja kwa moja inayopita mara kwa mara, kiasi kwamba ukikosa moja husimami kungoja kwa hasira.

Uamuzi wangu, basi, ni mji wa kokoto. Mume wako ana haki katika jambo moja: kama mwajiri wake anamruhusu kwa maandishi kufanya kazi nyumbani siku tatu kwa wiki, hesabu yote inabadilika na ghuba inaweza kurudi mezani. Ruhusa ya mdomo msiitegemee, maana meneja aliyeitoa akiondoka huondoka nayo. Na kabla ya kuamua lolote, mmoja wenu akalale katika kila mji siku ya katikati ya wiki, aamke kwa saa ileile ya kazi, apande treni ileile pamoja na abiria wale wale, na arudi jioni. Mji uliotazamwa Jumapili mchana bado haujatazamwa.

Nyumba nafuu, mita mia mbili kutoka baharini

*Mshauri, salamu. Nimepata nyumba ya ghorofa moja, bei yake iko chini ya nyumba zote za mtaa wa juu. Iko mita 200 tu kutoka ufuoni, ina kisima chake, na ilijengwa miaka thelathini iliyopita. Muuzaji anataka jibu mwezi huu. Tuna mtoto mchanga. Nikague nini? – Baba Mwenye Haraka*

Haraka ni ya muuzaji, Baba. Yako ianze atakapokuwa amekujibu maswali.

Umetaja umbali kutoka baharini, nami nakuomba uuache kidogo na kuuliza kimo. Nyumba iliyo mita 50 kutoka ufuoni lakini juu ya mwamba mgumu wa mita 15 inaweza kuwa salama kuliko iliyo nusu kilomita ndani katika bonde linalopanda mita moja tu juu ya maji. Bahari haiji kwa kiwango kimoja. Kuna bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Dhoruba ikiangukia siku ya bamvua, upepo husukuma maji nchi kavu juu ya yale yaliyokwisha kujaa, na mto au mfereji uliokuwa ukitoa maji ya mvua hukosa pa kuyamwaga. Mafuriko mengi ya miji ya pwani huingia hivyo, kwa mlango wa nyuma, kupitia mifereji. Juu ya hayo kuna mwendo wa polepole: Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi limekadiria kuwa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho ulikuwa ukipanda kwa karibu milimita 4 kila mwaka. Mkopo wa nyumba hulipwa kwa miaka 20 au 25, kwa hiyo usinunue kwa kuangalia bahari ya leo peke yake.

Nenda basi siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, ukasimame penye lango. Tazama kuta za majirani kama zina mstari wa rangi tofauti usawa wa goti, tazama kama soketi za umeme zimepandishwa juu kuliko kawaida, na uwaulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi mara ya mwisho. Kumbukumbu ya wenyeji ina thamani ambayo ramani haina. Katika kijiji cha Aneyoshi, Japani, baada ya tsunami ya mwaka 1933, waliweka jiwe lenye maandishi ya kuwakataza vizazi vijavyo wasijenge chini yake. Mwaka 2011 maji yaliishia chini ya jiwe hilo, na nyumba zilizokuwa juu yake zilisalimika.

Ufuo wenyewe nao husogea. Ukikuta ukuta wa mawe ulioanza kuchimbika chini, au ngazi zinazoning'inia hewani kwa sababu mchanga umeondoka, jua kwamba bahari inakula nchi. Ukuta wa kuzuia mawimbi hulinda kipande kimoja na mara nyingi huharakisha mmomonyoko wa kipande jirani, kwa sababu mchanga uliokuwa ukisafirishwa kando ya pwani umezuiwa; kwa hiyo habari ya kwamba mji umejenga ukuta mpya si lazima iwe njema kwa anayeishi pale ukuta unapoishia. Rufisque, mji wa pwani ulio jirani na Dakar huko Senegal, una mambo yote mawili kwa pamoja: tangu mwishoni mwa mwaka 2021 unahudumiwa na treni ya kisasa ya kwenda Dakar, na kwa miongo mingi umekuwa ukipambana na bahari inayokula ufuo wake. Anayetafuta makao katika mji wa namna hiyo hana sababu ya kuukataa mji mzima. Achague mtaa, autafute upande wa stesheni, mbali na mstari wa mbele wa mawimbi.

Sasa nyumba yenyewe. Miaka thelathini kando ya bahari ni mingi kwa zege. Chumvi inayoletwa na upepo hupenya ndani ya zege polepole hadi kwenye nondo. Nondo zikishika kutu hutanuka, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma, na zege hupasuka kutoka ndani. Nyufa zinazofuata mstari wa nondo, madoa ya rangi ya kutu chini ya baraza na vipande vya plasta vinavyodondoka si mambo ya kupakwa rangi. Lipa mhandisi wa majengo unayemchagua mwenyewe, asiwe yule aliyependekezwa na muuzaji. Wanaofikiria kununua sehemu ndani ya jengo kubwa la ghorofa nyingi wana sababu zaidi ya kusoma kumbukumbu za ukarabati: Champlain Towers South huko Surfside, Florida, liliporomoka tarehe 24 Juni 2021 na watu 98 wakafa, na mhandisi alikuwa ameandika kuhusu uharibifu wa zege tangu mwaka 2018, huku wamiliki wakiendelea kujadiliana juu ya gharama. Sisemi kwamba chumvi peke yake ndiyo iliyoliangusha. Ninachosema ni kwamba ripoti ilikuwepo, na mnunuzi aliyeiomba angeisoma.

Kisima nacho kinahitaji maneno. Karibu na bahari, maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi, na kanuni inayojulikana tangu mwisho wa karne ya 19 inaeleza kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo. Kwa hiyo visima vya mtaa vinapovutwa sana na kuyashusha maji hayo kwa nusu mita tu, chumvi hupanda kwa mita nyingi, na ikishaingia huchukua muda mrefu kutoka. Kisima kilichokuwa kitamu wakati nyumba zilipokuwa kumi huenda kisiwe kitamu zikiwa mia. Wewe una mtoto mchanga, na figo za mtoto mchanga haziwezi kuhimili chumvi nyingi. Peleka maji maabara, yaliyochotwa mwishoni mwa kiangazi na si baada ya mvua, na uulize kama bomba la mji linafika mtaani.

Mwisho, kabla ya kulipa hata malipo ya awali, iombe kampuni ya bima ikupe kwa maandishi ada ya kuikatia nyumba hiyo bima ya mafuriko. Kama inakataa, au inataja kiasi cha kukushtua, umekwisha kuelewa kwa nini nyumba ni nafuu. Hata penye msaada wa serikali soma masharti. Nchini Uingereza mpango wa Flood Re, ulioanza mwaka 2016 ili bima ya mafuriko isiwashinde watu, hauzihusu nyumba zilizojengwa kuanzia mwaka 2009, na umepangwa kumalizika mwaka 2039. Mkopo wa miaka 25 unaochukuliwa leo utakuwa bado unalipwa siku mpango huo unapofungwa.

Yakikaguliwa hayo yote na nyumba ikasimama, inunue bila hofu. Ikishindikana, panga nyumba katika mji huo huo kwa mwaka mmoja, upitie majira yote, na nyumba nyingine itajitokeza.

Feri badala ya treni

*Ndugu Mshauri, mji tunaoutaka uko ng'ambo ya ghuba na ninaweza kufika kazini kwa feri kwa dakika 25. Wenzangu wananicheka. Je, feri inaaminika? – Baba Mtarajiwa*

Wenzako wakusamehe, maana wapo watu wengi duniani wanaosafiri hivyo. Feri ya Staten Island huko New York huchukua dakika 25 na huendeshwa mchana na usiku. Ya Manly huko Sydney huchukua kiasi cha nusu saa, nayo husitishwa mawimbi yakiwa makubwa mno kwenye mlango wa bandari. Ukiwa na kiti na hewa safi, dakika 25 za feri huchosha kidogo kuliko dakika 25 za chombo kingine chochote. Lakini wewe unangoja mtoto, na mambo mawili yanatosha kuamua: chombo cha mwisho cha usiku ni saa ngapi, na hospitali yenye wodi ya uzazi iko upande gani wa maji. Ikiwa iko ng'ambo, na hakuna barabara ya kuzunguka, subirini mtoto azaliwe na akue kidogo kwanza.

Mji unaolala msimu ukiisha

*Mshauri mpendwa, mume wangu atakuwa akisafiri kwenda jijini, nami nitabaki nyumbani na watoto wetu watatu, wote chini ya miaka sita. Mji tuliouchagua ni wa kitalii. Tulipokwenda wakati wa likizo ulichangamka sana. Jirani mmoja aliniambia nirudi msimu ukiisha nijionee. Alikuwa na maana gani? – Mama Anayebaki*

Alikuwa na maana kwamba huenda ukakuta taa tatu zikiwaka katika mtaa wa nyumba thelathini. Umefanya vema kuniandikia, kwa kuwa katika familia nyingi za aina hii anayesafiri ndiye anayejadiliwa, ilhali anayebaki ndiye anayeishi katika mji huo saa zote za siku.

Miji mingi ya ufuo hununuliwa kidogo kidogo na watu wanaofika wiki chache kwa mwaka. Huko St Ives, Cornwall, mambo yalifika mahali ambapo wakazi walipiga kura mwaka 2016 na kukubali kwamba nyumba mpya zisijengwe ila kwa ajili ya watu watakaoishi humo kama makao yao ya kudumu. Pale nyumba zinapokaa tupu, basi la shule huondolewa kwa kukosa abiria, duka la dawa hufupisha saa zake, na mama mwenye watoto watatu hana mlango wa kubisha anapotaka mtu wa kumshikia mtoto kwa dakika kumi. Upweke wa namna hiyo hauonekani katika picha za nyumba. Rudi basi kama ulivyoambiwa, usiku wa katikati ya wiki, msimu ukiwa umekwisha, na hesabu madirisha yenye mwanga.

Daktari ni jambo la pili. Ripoti ya mwaka 2021 ya Mganga Mkuu wa England, Chris Whitty, ilihusu afya katika jamii za pwani, na ilieleza kwamba jamii hizo zina mzigo mkubwa wa magonjwa, kwamba wastaafu wengi huhamia huko, na kwamba huduma za afya hupata tabu kuwaajiri na kubaki na wahudumu. Sababu moja ni ya kijiografia na ingetokea popote: hospitali ya mji wa ndani huhudumia watu wa pande zote, lakini ya pwani nusu ya duara lake ni maji. Usiridhike kuambiwa kwamba mjini kuna kliniki. Uliza kama inawasajili wagonjwa wapya, kama inafungwa usiku, na dharura ya mtoto saa 8 za usiku hupelekwa wapi na kwa muda gani, ukikumbuka kwamba huenda gari la familia limeachwa stesheni.

Shule pia zitazame mbele zaidi ya umri wa leo. Mji mdogo mara nyingi una shule ya msingi nzuri na hauna sekondari, na hapo baada ya miaka michache mtoto naye atajiunga na baba yake katika safari za alfajiri. Wako watatu, safari tatu za shule na moja ya kazi haziwezi kubebwa na gari moja.

Ukiona mji umebaki na uhai wake bila watalii, yaani kuna watoto wanaotembea kwenda shule, kuna maktaba au ukumbi wenye shughuli za wiki, na muuza duka anawaita wateja kwa majina, nenda. Wanaohamia mji wa namna hiyo huku wanaye mmoja anayeshinda nyumbani huota mizizi upesi kuliko wale wanaoondoka wote asubuhi na kurudi gizani.

Hofu ya bibi

*Mwanangu, nakuandikia mimi bibi wa watu. Binti yangu na mumewe wanahamia pwani na wajukuu wangu wa miaka mitatu na mitano. Wao wanazungumza treni na bei za nyumba. Mimi nawaza maji. Nimeambiwa nina woga wa bure. – Bibi*

Shikamoo, Bibi. Woga wako si wa bure hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ila nikusihi uuelekeze vizuri, maana mtoto wa umri huo ni nadra kufika baharini peke yake. Kinachomwua mara nyingi kiko karibu na nyumba: kisima kisichofunikwa, bwawa la jirani, mfereji, pipa, hata ndoo. Naye hazami kwa kelele kama watu wanavyofikiri. Huzama kimya, wakati mtu mzima yuko chumba cha pili.

Kwa hiyo nyumba watakayoichagua iwe na uzio na lango ambalo komeo lake liko juu kuliko mkono wa mtoto, na kisima kiwe na kifuniko kizito. Ufuo watakaoutumia uwe ule wenye waokoaji, na waoge pale panapolindwa, ambapo nchi nyingi huweka bendera za nyekundu na njano. Wazazi nao wajifunze kuutambua mkondo unaotoka ufuoni kuelekea baharini: mara nyingi ni kile kipande kinachoonekana tulivu katikati ya mawimbi, chenye maji meusi zaidi, na wageni hukichagua kwa kudhani ndicho salama. Aliyevutwa nao asipambane kurudi moja kwa moja. Aelee, aite msaada, au aogelee sambamba na ufuo hadi atoke ndani yake.

Shirika hilo hilo linapendekeza watoto wafundishwe kuogelea na kujihami majini kuanzia umri wa kwenda shule. Mjukuu wa miaka mitano amekaribia, basi binti yako aulize kama mji una mwalimu wa kuogelea siku ile ile anayouliza habari za shule. Yule wa miaka mitatu bado ni wa kushikwa mkono, awe anajua kuogelea au hajui. Na ukiwatembelea, Bibi, usisubiri kuoneshwa nyumba. Anza kwa kuzunguka uani, ukague komeo la lango mwenyewe.